Reli ya Kasese: shaba ilikwisha, watu wakabaki

Leo sileti habari ya kikao wala ya usajili. Naleta historia, na hii tumeitembea kwa miguu.

Jumamosi iliyopita tulitoka vijana 14, asubuhi na mapema, tukapanda taksi mpaka Kamwenge mjini. Pale tukashika njia ya reli ya zamani, tukaelekea upande wa Kasese. Treni haipiti hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wetu hata hatujazaliwa. Majani yamefunika mataruma, na sehemu zingine watu wamelima mahindi mpaka karibu na chuma. Mwenzetu mmoja ni seremala, akatoa futi yake kupima kutoka reli moja mpaka nyingine. Ni mita moja tu! Ni kipimo kilekile cha reli iliyoanzia Mombasa, kwa sababu hii ni mkia wa nyoka huyohuyo.

Waingereza walianza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896. Walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu. Kampala ilifikiwa mwaka 1931. Halafu ilisimama hapo miaka 25, mpaka 1956 ilipofika Kasese, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala.

Sasa jiulizeni: kwa nini Kasese? Jibu ni shaba. Kule Kilembe, kwenye mlima Rwenzori, kulikuwa na shaba nyingi, na kampuni kutoka Kanada ilitaka kuichimba. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Miaka miwili baadaye reli ikafika Kasese. Treni ilibeba shaba mpaka Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa lile bwawa, halafu ikashuka Mombasa kuingia melini. Mnaona mpango? Mgodi, reli na umeme vilifungwa pamoja kama kamba moja. Abiria walipanda pia, lakini mwenye njia alikuwa shaba.

Kamba ya namna hiyo ikikatika sehemu moja, yote inalegea. Miaka ya Idi Amin, kuanzia 1971, uchumi uliharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanywa, kila nchi na lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulisimama. Reli iliyojengwa kwa mzigo mmoja ikabaki bila mzigo. Haikufa siku moja, ilikonda tu mpaka ikanyamaza.

Tulipofika kwenye kivuli cha mwembe tulimkuta mzee mmoja analisha mbuzi. Tulijaribu kumsalimu kwa Kikiga chetu cha sokoni. Yeye akajibu kwa Kiswahili safi: "Karibuni vijana, mnatafuta treni?" Tulicheka sana. Si mnajua huku Kiswahili si cha kila mtu. Mzee akatueleza kwamba alikuwa kibarua wa njia, kazi yake kukaza boliti na kukata majani. Kiswahili alijifunza kwa wenzake wa kazi waliotoka Kenya na Tanganyika. Nikafikiri: kumbe reli haikubeba mawe peke yake. Ilileta hata lugha, na leo mzee huyu na mimi niliyetoka Masisi tunaelewana kwa sababu yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipotokea. Mwenzetu mmoja alikuwa ameokota boliti mbili na kipande cha chuma, ameficha kwenye begi. Alitaka kuuza kwa watu wa chuma chakavu. Tulipomwambia arudishe, akasema: "Hii inaoza tu hapa, nani atailia? Na hii historia si yetu. Yetu iko kule Kivu." Wengine walisema mkimbizi akikamatwa na chuma cha reli, tutatukanwa sote. Mwingine akasema afadhali karo kuliko kutu.

Mzee alisikiliza, halafu akasema: "Mimi pia nilifikiri hii reli si yangu. Mzungu aliiweka kwa ajili ya shaba yake. Lakini nilioa hapa, nikajenga hapa, watoto wangu wakasoma kwa mshahara wake. Sasa ni ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Kijana alitoa chuma akakiweka chini ya mwembe. Lakini aliniambia njiani: "Sawa, nimerudisha. Na karo yangu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnasoma hapa, hilo swali nalileta kwenu pia.

Kwa wale wanaosema historia ya hapa haituhusu, nawakumbusha jambo moja. Rwamwanja ilifunguliwa mwaka 1964 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, miaka minane tu baada ya reli kufika Kasese. Ilifungwa 1995, ikafunguliwa tena 2012 kwa ajili yetu tuliokimbia vita vya Kivu. Mashamba tunayolima, wengine waliyalima kabla yetu, na wao pia walisema wako hapa kwa muda mfupi. Hata Rwenzori tunauona huku, lakini upande wa pili ni Beni, Kongo yetu.

Safari ijayo tutarudi na daftari, tumuulize mzee majina ya stesheni zote mpaka Kasese, kabla hajachoka kukumbuka. Anayetaka kuja aandike jina lake hapa chini. Leteni maji na viatu vya kufunga, kokoto za reli zinaumiza miguu.