Nani Kasema Tyubulesi ni ya Wazungu?

Kila msee akitokea mtaani na baiskeli ya milima yenye tairi bila tyubu, lazima kuna mtu atasema, "Hiyo tyubulesi ni ya wazungu wenye doh. Sisi tubaki na viraka." Mimi nakataa. Bei tunaweza kubishana siku nyingine. Leo nakataa kwa sababu ya historia.

Tairi ya upepo ilianza na Mskoti, Robert Thomson, mwaka 1845. Aliifunga kwenye magari ya kuvutwa na farasi, lakini ilikuwa ghali, watu wakaisahau. Miaka 40 na ushei baadaye, daktari wa mifugo kule Belfast, John Boyd Dunlop, akaibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Hiyo ya 1888 ndiyo iliyoshika.

Shida ikawa pancha. Tairi ya Dunlop ilibandikwa kwenye rimu kwa gundi. Ukidungwa na msumari unabandua, unaziba, unabandika tena, halafu unakaa kungoja ikauke. Mwaka 1891 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, wakaleta tairi ya kuchomoka, unaweza kuitengeneza hapo hapo kando ya barabara. Mwaka huohuo Charles Terront akashinda nayo mbio za Paris–Brest–Paris, karibu kilomita 1,200.

Sasa jiulize, mpira wa tairi zote hizo ulitoka wapi? Mwingi ulitoka Brazili. Lakini mwingine ulitoka Kongo, ambayo kuanzia 1885 hadi 1908 ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mimea inayotambaa juu ya miti. Usipofikisha kipimo, unachapwa kiboko, mke wako anashikwa mateka. Watu walikatwa mikono. Mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ni hayo tu aliyoletewa. Itafute hiyo picha, halafu uniambie tairi ni kitu cha wazungu. Afrika ililipa kabla hata ya wengi wetu kuona baiskeli.

Turudi kwa tyubu. Magari yalianza kuachana nayo mapema: kampuni ya Marekani, B.F. Goodrich, ilitangaza tairi yake isiyo na tyubu mwaka 1947. Baiskeli ikachelewa, kwa sababu rimu yake imejaa matundu ya spoki na upepo unatorokea hapo. Mwaka 1999 Mavic, pamoja na Michelin na Hutchinson, wakatoa mfumo wa UST: rimu isiyo na matundu upande wa ndani, na tairi yake maalum. Ilifanya kazi, lakini tairi zilikuwa nzito na ulihitaji kununua kila kitu upya.

Aliyefungua mlango ni mwendesha baiskeli Mmarekani, Stan Koziatek. Alichukua rimu za kawaida, akaziba matundu ya spoki kwa ukanda, akaweka valvu, akamwaga ndani maji ya mpira yanayoziba pancha yenyewe. Mwaka 2001 akaanzisha kampuni yake ya NoTubes, na leo karibu kila mtu anafuata njia hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Safisha rimu, zungushia tepe isiyopitisha upepo, toboa tundu dogo la valvu, kaza valvu. Vaa tairi, paka maji ya sabuni kwenye kingo, kisha piga upepo mwingi kwa mpigo mmoja. Utasikia "pa! pa!" kingo zikikaa mahali pake. Toa upepo, mimina yale maziwa kupitia valvu, jaza tena, kisha tikisa na kuzungusha gurudumu. Mwiba wa mgunga ukiingia, maziwa yanakimbilia tundu na kuganda. Na kwa sababu hakuna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu, unaweza kupunguza upepo kidogo, tairi ikashika njia vizuri.

Si uchawi lakini. Maziwa hukauka baada ya miezi michache, lazima uongeze. Tairi ikichanika vibaya, utahitaji tyubu ya akiba. Na usilazimishe rimu au tairi ambayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Ikichomoka kwenye mteremko, utaumia.

Maziwa mengi ya aina hiyo bado yanatengenezwa kwa utomvu wa mpira. Ni kitu kilekile watu wa Kongo walikufa wakikigema. Kwa hivyo mtu asituambie tusimame kando tukitazama.

Fundi wa baiskeli mtaani kwako, yule wa beseni la maji na gundi, tayari anajua rimu, valvu na upepo. Amebakisha tepe na maziwa. Ukipata vifaa, usijifungie navyo nyumbani. Mpelekee, mfunge pamoja gurudumu la kwanza, na umlipe kazi yake.