Kinu cha Sarehole

Mwaka 1896 mama mmoja mjane, Mabel Tolkien, alipanga nyumba katika kijiji cha Sarehole, nje kidogo ya Birmingham, mji wa Uingereza ulioishi kwa chuma na makaa ya mawe. Mwanawe wa kwanza, John Ronald, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa na umri wa miaka minne. Karibu na nyumba yao palikuwa na kinu kilichoendeshwa kwa maji, na ubavuni mwake dohani ndefu, kwani injini ya mvuke ilikwisha ongezwa humo tangu katikati ya karne ya 19. Siku hizo kinu kilisaga mifupa iwe mbolea. Msagaji kijana alitoka humo mweupe kwa vumbi, na John Ronald na nduguye mdogo wakampa jina la Zimwi Jeupe. Miaka minne tu walikaa hapo. Kisha mji ukapanuka ukakimeza kijiji.

Mtoto huyo ndiye J.R.R. Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, hadithi iliyotolewa kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Ndani yake mna Saruman, mjuzi mkuu aliyekata miti ya bonde lake ili alishe tanuri, akachimba mashimo ya moshi na kuyajaza magurudumu, mpaka wachungaji wa miti walipoamka kwa hasira na kuyafurikisha maji. Mwishoni mashujaa wanarudi kwao, nchi ya Shire, na kukuta kinu cha zamani kimebomolewa na pahali pake pamejengwa kikubwa zaidi, ilhali nafaka ya kusaga haijaongezeka. Mto umechafuka. Mtoto wa msagaji wa zamani, ambaye baba yake alikuwa bwana wa kinu chake, sasa ni kibarua wa wageni, na yeye anajiona ameendelea! Hakuna vita ndani ya kitabu kizima vinavyouma kama ukurasa huo.

Basi wasomaji wengi wamehitimisha kwamba hadithi hii ni ya uchawi dhidi ya mashine: huku majani mabichi na nyimbo, huku chuma na masizi. Tolkien mwenyewe aliwapa sababu, kwani katika dibaji ya toleo la pili, miaka ya 1960, alikumbuka jinsi nchi ya utoto wake ilivyokuwa ikiharibiwa kabla hajatimiza miaka kumi. Hata hivyo, kauli hiyo ina ukweli nusu. Saruman si mhandisi, ni mchawi. Pete ambayo hadithi nzima inaizunguka haikutoka kiwandani, bali ilifuliwa kwa uchawi. Mkono ulioshika fimbo ya ajabu ndio ulioshika nyundo.

Jambo hili alilieleza katika barua ndefu aliyomwandikia mhariri Milton Waldman mwaka 1951. Kwake yeye, uchawi wa Adui na Mashine vilikuwa karibu sana kuwa kitu kimoja: vyote viwili hutokana na pupa ya kutaka nia itimie upesi, kwa chombo cha nje badala ya kipaji kilichokuzwa ndani, hata kama ni kwa kulazimisha dunia na nafsi za wengine. Waelfi, kaumu yake ya kale isiyozeeka, nao hufanya maajabu, lakini ajabu yao ni sanaa, hawatafuti kutawala. Tolkien alikiri kwamba neno moja la Kiingereza lilimlemea kwa kubeba mambo mawili, hata akamfanya malkia Galadriel awalaumu wageni wake kwa kuyachanganya. Mswahili hapati taabu hiyo. Anajua kuwa uganga si uchawi, na sihiri si kiinimacho, na mtu akiyachanganya mbele ya wazee atasahihishwa papo hapo.

Fikra hiyo ilikuwa na mizizi katika vita. Mwaka 1916 Tolkien alikuwa afisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme, Ufaransa, na ni katika mapigano hayo, mwezi Septemba, ambapo vifaru vilitumiwa vitani kwa mara ya kwanza. Homa ya mahandaki ikamrudisha Uingereza mwezi Novemba. Katika kuuguza mwili akaanza kuandika kisa cha kuanguka kwa mji wa Gondolin, ambamo majoka ya chuma yanatambaa kuelekea kuta yakiwa yamebeba askari matumboni. Majoka hayo yalibuniwa na mafundi na wachawi wa Adui wakishauriana pamoja.

Waliomfuata wameusogeza mpaka huo mbali zaidi. Katika Perdido Street Station ya China Miéville, iliyotoka mwaka 2000, uchawi umeajiriwa viwandani na una mishahara na migomo kama kazi nyingine.

Na Sarehole yenyewe? Kinu kile ambacho mtoto alikiona kama alama ya shamba lililotulia kiliwahi kukodiwa, katika miaka ya 1750, na Matthew Boulton, tajiri wa viwanda ambaye baadaye alishirikiana na James Watt kuieneza injini ya mvuke duniani. Lugha ya Welsh, ambayo sauti zake Tolkien alizitumia kuunda lugha moja ya Waelfi, ilimvutia kwanza kupitia majina yaliyoandikwa kwenye mabehewa ya makaa ya mawe. Katika miaka ya 1960 alichanga fedha ili kinu kifanyiwe ukarabati, na mwaka 1969 kikafunguliwa kama makumbusho, dohani yake ingali imesimama.

Mwaka 1952, nyumbani kwa rafiki yake George Sayer huko Malvern, alionyeshwa kinasa sauti. Kabla ya jambo lolote aliitamkia mashine ile Sala ya Bwana kwa Kigothi, lugha iliyokufa zamani, ili, kwa mzaha wake, amtoe shetani aliyemo. Kisha akakaa akasoma mashairi yake, nyingine akiziimba. Alifariki mwaka 1973. Miaka miwili baadaye sauti hiyo ilitolewa kwenye santuri, na hadi leo yeyote apendaye anaweza kumsikia akighani.