Kwa nini sauti ya tarakilishi hukwaruza? Historia fupi

Juzi nilifungua sauti ya nyanya yangu, niliyoirekodi kwa simu kabla hajatuacha. Simu yenyewe iliibiwa, kwa hivyo nakala iliyobaki ni ile ya tarakilishi ya nyumbani. Ikaanza kupasuka ta-ta-ta, kama bisi kwenye sufuria. Nilishtuka sana. Nikaichezesha tena, na mikwaruzo ikatokea mahali tofauti. Hapo nikapata matumaini, kwa sababu faili iliyoharibika hukwaruza palepale kila mara. Mwenye makosa alikuwa tarakilishi.

Basi tatizo hili ni la zamani. IBM PC ya 1981 ilikuwa na kispika cha kupiga "biip" tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi ya Sound Blaster. Kadi hiyo ilihitaji laini ya kuishtua prosesa, yaani IRQ. Kwa kawaida ilikuja ikiwa kwenye IRQ 7, laini ileile ya printa. Vifaa viwili vikigombania laini moja, sauti hukwama.

Mwaka 1997 Intel ikaleta AC'97. Badala ya kadi nzima, chipu ndogo ikakaa kwenye bodi kuu na bei ikashuka. Lakini kazi ya kuchanganya sauti ikaachiwa prosesa, ambayo ina mambo mengine mengi ya kufanya.

Hapa ndipo bafa inapoingia. Ifikirie kama tangi la maji la nyumba ya kupanga. Maji ya bomba huja kwa zamu, lakini wapangaji huteka kila wakati. Sauti huteka sampuli 48,000 kwa sekunde. Bafa ya sampuli 480 inatosha sekunde 1/100 tu. Prosesa ikichelewa kujaza, tangi hukauka, nawe unasikia "tap!"

Mwaka 2008 PulseAudio, ya kwenye Linux, ilianza kutumia saa ya tarakilishi kujua wakati wa kujaza bafa, badala ya kungoja kadi iishtue prosesa kila mara. Nia ilikuwa nzuri: kuamsha prosesa mara chache na kuokoa betri. Lakini draiva zilizokuwa zikitoa taarifa zisizo sahihi kuhusu mahali kadi ilipofika zikaumbuka, na mikwaruzo ikazidi kwa watu wengi. Mwaka 2021 Fedora 34 ikahamia PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans.

Na mimi je? Nilifunga programu nzito, nikaongeza bafa kutoka sampuli 512 hadi 2,048. Sauti sasa huchelewa milisekunde kama 43. Mpiga gita angelalamika, lakini mimi nasikiliza tu.

Nyanya akaongea mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Kisha nikafanya jambo nililopaswa kufanya zamani: nikatoa nakala mbili zaidi.