Askofu Mstaafu: Historia ya Cheo na ya Neno

Mara nyingine twasoma katika magazeti yetu habari za mzee fulani 'aliyekuwa askofu' wa jimbo fulani la Kanisa Katoliki. Mara nyingine mzee yule yule huandikwa 'askofu mstaafu'. Msomaji apitaye upesi huyahesabu maneno hayo kuwa mamoja. Lakini la kwanza lasema kwamba uaskofu wake umekwisha. La pili lasema kwamba ni askofu hata leo, ila kazi ya jimbo imeondoka mikononi mwake. Tofauti hiyo ni ya sarufi, na pia ni ya historia na ya sheria. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi cheo hiki kilivyozuka, jinsi kilivyokaliwa na watu kadhaa wa Afrika ya Mashariki, na kama neno letu la Kiswahili linakibeba sawasawa.

Tuanze na maneno yenyewe. 'Askofu' limetufikia kwa njia ya Kiarabu, *usquf*, nalo lilitoka katika Kiyunani, *episkopos*, maana yake mwangalizi. 'Mstaafu' ni jina lililoundwa katika kitenzi 'kustaafu', ambacho asili yake ni Kiarabu *istaʿfā*. Mzizi wake ni ule ule uliotupa 'afu', 'afua' na 'afya', yaani habari za kusamehe, kuokoka na kuwa mzima. Kiambishi *ista-* katika Kiarabu mara nyingi huleta maana ya kutaka au kuomba jambo. Basi *istaʿfā*, kwa asili yake, ni kuomba kusamehewa kazi, kuomba kuachiliwa. Twakuta umbo hilo hilo katika 'kustarehe', ambalo mzizi wake ni wa mapumziko. Kwa kuwa maneno haya mawili yafanana sauti, na kwa kuwa mzee aliyeacha kazi hudhaniwa amekwenda kupumzika, wasemaji wengi leo husikia starehe ndani ya kustaafu. Asili yake haisemi hivyo. Yule anayestarehe amekwisha kupata raha yake. Yule anayestaafu ameomba, na jibu liko kwa mwingine.

Kilatini cha Kanisa kinatumia neno tofauti: *emeritus*. Katika Roma ya kale huyo alikuwa askari aliyetimiza muda wake wa utumishi na kwa hiyo kustahili haki zake. Neno hilo hutazama nyuma, kwenye kazi iliyokwisha kutendwa. Neno letu hutazama tendo la kuomba. Ni lipi lililo karibu zaidi na jambo lenyewe? Hapana budi kuitazama sheria.

Zamani askofu alishika jimbo lake, kwa kawaida, mpaka kufa. Walikuwako waliojiuzulu, lakini haukuwako umri uliowekwa. Katika nchi zetu, Askofu Joseph Byrne, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliacha Moshi mwaka 1959, na mwaka 1960 akafuatwa na Joseph Kilasara, mwana wa nchi. Katika miaka ile ya kukaribia uhuru, kuondoka kwa maaskofu wamisionari kulikuwa pia njia ya kuwaachia Waafrika viti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya kazi ya maaskofu, uliwasihi maaskofu waliodhoofika kwa umri au kwa sababu nyingine nzito wajitolee wenyewe kuacha kazi. Haukutaja idadi ya miaka. Idadi ilitajwa na Baba Mtakatifu Paulo VI tarehe 6 Agosti 1966: miaka 75. Mwaka 1970 aliongeza kwamba makardinali waliotimiza miaka 80 wasimchague Papa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 uliyathibitisha mambo ya maaskofu katika kanuni ya 401 na ya 402. Askofu wa jimbo akitimiza miaka 75 anaombwa ampe Papa barua ya kuacha kazi, na Papa ndiye anayeamua baada ya kupima hali zote. Akiisha kukubaliwa, hubaki na jina la jimbo lake pamoja na neno *emeritus*. Aweza kuendelea kukaa jimboni akitaka. Na matunzo yake ni wajibu kwanza wa jimbo alilolitumikia. Daraja ya uaskofu haiondoki, wala hatoki katika urika wa maaskofu.

Basi sheria yenyewe ina hatua mbili, ombi na jibu. Hapo ndipo Kiswahili, bila kukusudia, kinapolipita neno la Kilatini: 'kustaafu' katika asili yake kimebeba ombi hilo. Wala 'kujiuzulu' hakitoshi, maana 'uzulu' ni kumwondoa mtu katika cheo, na mwenye kujiuzulu hujiondoa kwa nguvu zake mwenyewe. 'Kung'atuka', neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipouacha urais mwaka 1985, lina heshima ya mzee anayewapisha vijana. Hata hivyo mwenye kung'atuka huamua mwenyewe saa yake. Askofu haamui saa hiyo peke yake.

Maisha ya watu yanathibitisha hayo. Laurean Rugambwa alizaliwa Bukongo, nchi ya Kagera, tarehe 12 Julai 1912. Alipata upadre mwaka 1943, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 akawa kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati hizi. Alishiriki kuwachagua Mapapa mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Mwaka 1968 alihamishiwa Dar es Salaam. Miaka 75 aliitimiza mwaka 1987, lakini jimbo hakuliacha ila tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80. Kwa hiyo katika mwezi mmoja alitokwa na haki ya kumchagua Papa na kazi ya jimbo pia. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Aliyetawala Jimbo Kuu la Dar es Salaam karibu robo karne alirudishwa alikoanzia.

Wa pili ni Maurice Otunga, mwana wa chifu katika nchi ya Bungoma, aliyezaliwa mwaka 1923 na kupadirishwa Roma mwaka 1950. Alikuwa askofu wa Kisii tangu 1960. Mwaka 1971 alimfuata Askofu Mkuu John Joseph McCarthy pale Nairobi, naye McCarthy alikuwa ameondoka baada ya sheria ya umri kutolewa. Otunga alifanywa kardinali mwaka 1973, akastaafu mwaka 1997 akiwa na miaka 74, yaani kabla ya umri uliotajwa. Baadaye aliishi Nairobi katika makao ya wazee yanayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini. Mwana wa chifu na mkuu wa Kanisa alimaliza siku zake miongoni mwa wazee wasio na kitu. Alifariki mwaka 2003, na Kanisa limekwisha kufungua kesi ya kumtangaza mwenye heri. Mfuasi wake pale Nairobi, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye alipokuwa Nakuru alipaza sauti dhidi ya mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, alitimiza miaka 75 sikukuu ya Noeli ya 2006, na ombi lake likakubaliwa Oktoba 2007. Alifariki mwaka 2020.

Wako pia walioomba mapema zaidi. Gervasius Nkalanga, askofu wa Bukoba tangu 1969, aliacha jimbo mwaka 1973 kabla hajafikia umri wa miaka 60, akaingia utawa wa Wabenedikto katika monasteri ya Hanga, kusini mwa Tanzania. Huko aliishi miaka zaidi ya thelathini mpaka alipofariki mwaka 2005. Muda wake baada ya jimbo uliupita mara nyingi muda wake wa kuliongoza. Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge tangu 1969, ambaye alijulikana kwa kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, alistaafu mwaka 1996 kabla ya kutimiza miaka 70, akafariki mwaka 2002.

Tukiwaweka pamoja twaona kwamba miaka 75 si kisu kikatacho wote sawasawa. Mmoja aliondoka kabla ya 60, mwingine kabla ya 70, mwingine akiwa na 74, mwingine alipokwisha kuvuka 75, mwingine baada ya 80. Umri ni mlango wa kuombea tu. Twaona pia kwamba miaka ya baada ya jimbo ni sehemu ya historia ya mtu. Mwandishi wa maisha ya Nkalanga akiishia mwaka 1973 atakuwa ameacha sehemu kubwa ya kisa.

Hilo latuhusu sisi tushughulikao na lugha. Umbo 'aliyekuwa', kwa *-li-* yake, hukata. Humwambia msomaji kwamba jambo limepita, na mwandishi wa historia hufunga daftari hapo. Umbo 'mstaafu' huacha daftari wazi. Mwezi wa Februari 2013, Benedikto XVI alipouacha Upapa, wenye kuandika Kiswahili hawakuhitaji kubuni neno jipya: 'Papa Mstaafu' lilikuwa tayari, kwa mfano wa 'askofu mstaafu'. Tofauti ndogo tu ilibaki, kwamba Papa hana wa kumwomba ruhusa. Pale neno lilitumika kwa maana yake ya leo na si ya asili.

Napendekeza, basi, kwamba watungao kamusi waipe 'mstaafu' fasili inayotenganisha kazi na daraja, na kwamba waandishi wa habari waache kusema 'aliyekuwa askofu' ila wanapotaja jimbo peke yake: 'aliyekuwa askofu wa Rulenge, kisha wa Bukoba' ni sahihi kwa mtu aliyehamishwa, lakini kwa aliyestaafu si sahihi. Zaidi ya hayo, wazee wa namna hii waliobaki wapewe wasikilizaji. Wengi wao waliupokea Ukristo kwa Kiswahili cha wamisionari, wakajifunza kwa Kilatini, na wakahubiri katika lugha za kwao. Historia ya msamiati wa dini katika nchi hizi imo vinywani mwao, na kila mmoja anapozikwa hatuwezi tena kumwuliza neno fulani lilianzaje kusemwa.