Ruhusa na Vifurushi katika Debian

Debian ni mfumo endeshi huria unaojengwa na watu wa kujitolea duniani kote. Uliasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Juu yake ulijengwa Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Katika mifumo hii, vinavyowasumbua wengi ni ruhusa na vifurushi. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, kisha kuna watu baki. Kila upande hupewa au kunyimwa haki ya kusoma, kuandika na kutekeleza. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro akinakili kazi yake kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, asishangae kesho akikatazwa kuihariri: nakala ile ni mali ya root, msimamizi wa mfumo. Amri ls -l itamwonyesha mwenye faili, na sudo chown itamrudishia. Wapo wanaokimbilia chmod 777, inayompa kila mtu haki zote: dawa ya kubomoa ukuta kwa sababu ufunguo umepotea.

Vifurushi vya programu huletwa na apt, kisha dpkg huvisakinisha. Stima ikipotea Nakuru katikati ya kazi hiyo, kifurushi hubaki nusunusu. Amri sudo dpkg --configure -a humalizia, na sudo apt --fix-broken install huleta vitegemezi vilivyokosekana.

Ujumbe kwamba apt imezuiwa na faili ya kufuli nao mara nyingi humaanisha tu kwamba programu nyingine ingali inasasisha mfumo. Ingojewe. Kuifuta faili ya kufuli huku kazi ikiendelea kunaweza kuharibu orodha nzima ya vifurushi.