Kiti cha Rejistra: Hoja ya Burnt Forest kuhusu Kamati za Madaktari

Kila inapozuka hoja ya kuwapa madaktari wanaosomea ubingwa viti vyenye kura katika kamati za vyama vya kitaaluma, hujibiwa kwamba hao ni wapita njia. Rejistra, kama aitwavyo daktari huyo, husemwa yuko wodini miaka michache tu kisha huenda zake, ilhali kamati inataka watu wa kukaa. Makala hii inalipinga dai hilo kutoka Burnt Forest, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, ambako kupita huko ndiko hasa kunakomstahilisha rejistra kiti.

Kwamba marejistra ndio wanaobeba zamu za usiku katika hospitali za rufaa halibishaniwi na yeyote. Ubishi uko kwenye mamlaka. Chama cha Madaktari Kenya (KMA), kilichoundwa 1968, kina mtandao wa madaktari vijana. Chama cha Madaktari Ulimwenguni kilianzisha wake 2010. Watetezi wa hali iliyopo huitaja mitandao hii kana kwamba imemaliza mjadala. Haijaumaliza. Mtandao hutoa maoni, kamati hupitisha uamuzi, na kumtengea mtu ukumbi wake peke yake ni njia ya kiungwana ya kumzuia asiingie ule ambamo kura hupigwa. Uingereza walikwenda mbali zaidi: kamati ya madaktari vijana ndani ya chama cha madaktari cha huko, BMA, ndiyo iliyoongoza migomo ya 2023 na 2024 na kuzungumza na serikali kuhusu malipo. Ni kweli BMA ni chama cha kitaaluma na cha wafanyakazi kwa pamoja, kwa hiyo mfano huo haufai kuigwa mzimamzima.

Ushahidi wangu mkuu uko karibu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliziachia kaunti vituo vyao vya afya, na hospitali za rufaa za kitaifa likaziweka chini ya serikali kuu. Kwa hiyo hospitali ya Burnt Forest ni ya Kaunti ya Uasin Gishu, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) mjini Eldoret, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, ni ya serikali kuu. Sasa tumchukue daktari wa kaunti aliyehudumu Burnt Forest, akapewa likizo ya masomo, akajiunga na Chuo Kikuu cha Moi kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Mshahara wake unatoka kaunti, mitihani yake iko chuoni, wagonjwa wake wako MTRH. Mama aliyekwama katika uchungu akiletwa usiku kutoka Burnt Forest, anayempokea ni yuleyule aliyekuwa akiandika barua za rufaa upande wa pili. Anajua kwa nini barua imekuja bila kipimo cha damu, na kwa nini mgonjwa amechelewa. Daktari bingwa aliyekaa Eldoret miaka ishirini anaijua MTRH kuliko yeye. Afisa wa afya wa kaunti anaijua Burnt Forest kuliko yeye. Kinachotokea baina ya hospitali hizo mbili anakijua yeye, na rufaa nyingi huharibikia hapo.

Isitoshe, nani wa kudumu? Mwenyekiti wa chama naye ana muhula.

Historia nayo ina la kusema. Miongoni mwa madai ya mgomo wa madaktari wa Kenya wa Septemba 2012 lilikuwa suala la marejistra waliohudumia wagonjwa bila malipo. Mgomo wa 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa kwa kiasi kikubwa na malipo ya madaktari wanagenzi. Sidai kwamba kiti kimoja kingeizuia migomo hiyo. Kamati haichapishi fedha. Lakini mara zote mbili kilio cha walio ngazi ya chini ya taaluma kilifika barabarani kabla ya kupatiwa jibu mezani.

Wako watakaosema KMPDU, chama cha wafanyakazi cha madaktari kilichosajiliwa 2011, inatosha. Hapana: KMPDU hupigania mishahara na mazingira ya kazi. Viwango vya rufaa, maadili na masomo endelevu ni mambo ya taaluma, na huko rejistra bado ni mgeni mwalikwa. Pingamizi la kukosa muda ni dogo. Mtu anayepangiwa zamu ya saa ishirini na nne anaweza kupangiwa pia jioni moja ya kikao.

Pingamizi zito ni la woga. Rejistra atampingaje profesa atakayemsahihishia mtihani? Hili halina tiba kamili. Ndiyo maana napendekeza viti viwili badala ya kimoja, vijazwe kwa kuchaguliwa na marejistra wenyewe, na masuala yanayogusa mafunzo yapigiwe kura ya siri. Anayeteuliwa na wakubwa wake atasema ya wakubwa wake.

Chama kinaweza kuirekebisha katiba yake katika mkutano mkuu bila kusubiri Bunge wala Wizara. Madaktari wa Eldoret waiingize hoja hii kwenye ajenda ya mkutano ujao, na wawaachie marejistra waiwasilishe wenyewe.