Kahawa Iliposhtakiwa Makka



Kahawa chungu na kashata pembeni, nani asiyeijua? Buni nyingine hutoka mbali na visiwa vyetu. Isansa, kwa mfano, iko Mbozi mkoani Songwe, wilaya ya wakulima wa kahawa ya arabika. Mikono ya wakulima ndiyo inayotuwezesha sisi kukaa barazani na vikombe vyetu.

Lakini mnajua kwamba kahawa iliwahi kushtakiwa kwa jina la afya?

Katika karne ya 15, masufi wa Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika dhikri. Ikafika Makka, na watu wakawa wanakusanyika kuinywa. Hata jina lilileta shaka, kwani zamani "qahwa" lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo kwa Kiarabu. Mwaka 1511 ofisa wa Kimamluki, Kha'ir Beg, aliita wanazuoni na matabibu. Tiba ya wakati ule ilipima kila kitu kwa joto, baridi, unyevu na ukavu, na matabibu wakashuhudia kuwa kahawa ni baridi na kavu, kwa hiyo inadhuru. Ikapigwa marufuku. Lakini jibu la Cairo halikukiharamisha kinywaji chenyewe, lilikemea maovu ya mikusanyiko tu.

Karne zikapita, shaka ikarudi kwa sura mpya. Mwaka 1991 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kahawa katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 wakaiondoa, ila wakatahadharisha juu ya kinywaji chochote cha moto sana, kinachozidi nyuzi 65. Basi ikitoka kwenye dele, iache ipoe kidogo.

Kwako bi harusi, jambo kubwa ni damu. Kahawa inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na mimba huyahitaji sana. Kunywa saa moja au mbili baada ya kula. Ukijaaliwa ujauzito, punguza vikombe na umuulize mkunga wako.

Kahawa haikuwa sumu wala dawa ya kila kitu. Walioihukumu kwa pupa walikosea. Sisi tuinywe kwa kiasi, na tumshukuru Aliyeiotesha.